Chumvi ya Gakko

Bi Fusa Konno hakungoja hata avue viatu vyake vya theluji. Aliingia hamamu ya akina Terui saa tisa na dakika tano alasiri, Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa Machi, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne kutoka ndani ya koti lake, akaiweka juu ya kaunta.

"Soma," akasema. "Mimi nimeshaisoma. Huyo wanayemtaka ni wewe."

Kanae Terui alikuwa amekaa nyuma ya kaunta, mahali pake pa siku zote, mlango wa wanaume mkono wake wa kulia na mlango wa wanawake mkono wa kushoto. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, mwembamba, mwenye miwani inayopata ukungu kila mlango wa ndani unapofunguliwa. Aliikunjua ile karatasi. Lilikuwa tangazo kutoka chuo kikuu kidogo cha ng'ambo ya mto, ambako Bi Fusa alikuwa amepika kantini kwa robo karne. Alitafutwa mhadhiri wa muda wa kufundisha historia ya Japani, kipindi kimoja kwa wiki, kila Jumatano saa saba mchana, kuanzia Aprili. Aliyekuwa akifundisha somo hilo alipata kazi ya kudumu huko Niigata, akaondoka kwa furaha na kuliacha darasa halina mwenyewe.

Kanae akaikunja karatasi kama ilivyokuja, akairudisha. Akashukuru, akasema mambo hayo alishayaacha zamani.

Alisema kweli. Shahada ya uzamivu alikuwa nayo, aliipata Sendai, kwa utafiti wa barua ambazo wakulima wa zamani waliwaandikia watawala kuomba hili na lile. Baada ya hapo aliomba kazi vyuo thelathini na kimoja, akapata majibu thelathini na moja, yote yenye adabu. Mwaka uliofuata baba yake, Mzee Yasuzo, aliumia mgongo akibeba kuni za tanuri. Kanae akarudi nyumbani Akita kumsaidia majira ya baridi moja tu. Sasa ilikuwa baridi ya kumi na moja.

Lakini mtu hafungui mkono wake akaacha alichozoea kukishika. Hamamu ile ilichemsha maji kwa mbao za nyumba zilizobomolewa, na watu waliobomoa maghala ya mababu zao walileta kila kitu: nguzo, milango, makreti, na mara nyingine masanduku ya karatasi kuukuu zilizoandikwa kwa brashi, mwandiko wa kukokota ambao leo hausomwi na mtu ila aliyeusomea. Mzee Yasuzo alikuwa karibu kulisukumia tanurini sanduku la kwanza wakati binti yake alipomdaka mkono. Tangu siku hiyo, kila Jumatatu Kanae alichagua hati moja, akaiandika upya kwa maneno ya leo, akaitundika ukutani katika vyumba vya kuvulia nguo, nakala moja kwa wanawake na nyingine kwa wanaume. Mwanamume aliyemshtaki jirani kwa kumuibia jogoo. Mjane aliyeomba ruhusa ya kuuza pombe. Waogaji walisoma huku wakijifuta migongo, na walibishana juu ya jogoo yule wiki nzima.

"Wanataka na machapisho ya miaka mitano iliyopita," Kanae akamwonyesha Bi Fusa mstari wa chini. "Sina hata moja."

Bi Fusa aligeuka, akanyoosha kidole kupitia mlango wa wanawake, kule ukutani.

"Na yale ni nini? Nguo zimeanikwa?"

Wanawake wawili waliokuwa wakivaa soksi walicheka, na mmoja akasema kwamba yeye hakusoma hata ukurasa mmoja wa historia shuleni, lakini huyo mwizi wa jogoo anamjua kama shemeji yake. Mzee Yasuzo, aliyekuwa na sikio moja tu linalosikia, alitokeza kichwa kutoka chumba cha tanuri akauliza nani amekufa. Alipoelezwa, akasema kama ni kufundisha, binti yake anawafundisha watu waliovaa taulo kwa miaka kumi na moja. Waliovaa suruali watamshinda nini.

Kanae alikataa siku hiyo na siku iliyofuata. Siku ya tatu asubuhi, alipokuwa amepiga magoti akisugua vigae vya bwawa la wanaume, alijikuta akizungumza peke yake. Alisikiliza kidogo anachosema. Alikuwa akiwaeleza wanafunzi, kwa utaratibu mzuri, kwa nini somo la historia ya nchi lianze na kijiji kimoja. Akaacha brashi, akakaa chini juu ya vigae vilivyolowa, akacheka mwenyewe. Adhuhuri akaenda kupiga picha ya wasifu.

Aliandika wasifu wake kwa mkono, kwa wino, na mara mbili alianza upya kwa sababu ya kosa la herufi moja. Mahali pa machapisho aliandika: karatasi za ukutani, hamamu ya Terui, toleo la kila wiki. Kisha akaanza kuchagua karatasi kumi za kuambatanisha, na hapo ndipo alipokumbana na jambo lililomnyima raha.

Tangazo lilitaja majina ya kamati ya usaili. La kwanza lilikuwa la Profesa Sumire Hatakenaka, mkuu wa idara, ambaye hakumjua. La pili lilikuwa la Profesa Tatsuro Ushijima, na huyo alimjua vizuri ingawa hawakuwahi kuonana.

Miaka ishirini na miwili nyuma, Ushijima alipokuwa bado kwao Fukuoka, mbali kusini, kabla hajakanyaga Akita, aliandika makala kuhusu ombi la wakulima wa kijiji kiitwacho Kamihata. Mwaka wa ombi hilo la kale, mwaka wa njaa, ofisa wa mtawala alikuwa amepunguza mgawo wa chumvi. Wakulima wakamsihi: tuachie chumvi ya gakko yetu, maana gakko ikikosekana watoto wetu hawataiona theluji ikiyeyuka. Ushijima alilisoma neno hilo kama Mjapani yeyote aliyezaliwa mbali na Akita angelisoma: shule. Juu yake akajenga nyumba nzima. Kwamba wakulima hawa maskini walikuwa na shule yao wenyewe, kwamba mwalimu alilipwa kwa chumvi, kwamba katikati ya njaa waliomba kwanza elimu ya watoto. Makala yenyewe ilichapwa katika jarida jembamba na neno lile likaandikwa kwa herufi za Kichina zenye maana ya shule, si kwa herufi za sauti, kwa hiyo hapakuwa na msomaji wa kushuku. Kanae aliisoma akiwa mwanafunzi Sendai, akaipenda hata akainakili yote kwa mkono.

Miaka mingi baadaye, ndani ya sanduku lililoletwa kuwa kuni, aliikuta nakala ambayo kijiji chenyewe kilijiwekea. Akawasomea wanawake wa hamamu kwa sauti, kwa heshima kubwa, habari za shule ya Kamihata. Bi Fusa alikuwa bwawani, maji yakimfika shingoni.

"Chumvi ya gakko," Bi Fusa alisema. "Mwanangu, hiyo si shule. Hiyo ni achari."

Kanae aliyezaliwa Akita, aliyekula gakko kila asubuhi ya utoto wake, figili zile zilizoning'inizwa juu ya moto mpaka zikashika moshi, kisha zikalazwa kwenye chumvi! Aliona haya na furaha kwa pamoja. Alirudi kwenye hati, na doa la wino lililofunika neno moja la ombi, ambalo mwaka mzima hakuweza kulisoma, likajisoma lenyewe: figili. Karatasi ya ukutani ya wiki hiyo, namba mia mbili na kumi na mbili, ilisomwa kuliko zote.

Sasa hakutaka kuipeleka mbele ya mtu yule. Si kwa woga peke yake. Ilikuwa kama kuingia nyumbani kwa mtu kuomba kazi huku ukimwambia paa lake limeoza. Akachagua kumi nyingine, akaacha namba mia mbili na kumi na mbili imening'inia kwenye msumari wake, akaiacha bahasha mezani, akaenda kuchanganya maji.

Bahasha ile ilipelekwa posta na Mzee Yasuzo.

*

Siku ya usaili theluji ilikuwa imeanza kulegea na barabara zilikuwa tope. Kanae alivuka daraja akiwa amevaa suti nyeusi ya zamani, viatu vya ofisi mkononi ndani ya mfuko na viatu vya mpira miguuni. Chumba kilikuwa ghorofa ya tatu. Nyuma ya meza ndefu walikaa watu watatu: Profesa Hatakenaka, mwanamke mwenye nywele fupi na daftari lililojaa, Profesa Ushijima, mkubwa wa mwili, mwenye nyusi nzito, na karani wa idara, Bwana Oyamada, aliyewekewa saa na kengele ndogo ya mezani. Hatakenaka alimwambia kuna dakika ishirini za somo la majaribio, kisha maswali, na ajisikie nyumbani.

Kanae hakujisikia nyumbani hata kidogo. Alikuwa ameandaa somo juu ya sheria za kijiji za kuazimana farasi, somo zuri, na aliharibu kila sehemu yake. Alisoma kutoka kwenye karatasi. Sauti yake ilitoka nyembamba, moja kwa moja, kama mtu anayesoma masharti ya bima. Alijisikia akifanya hivyo na hakuweza kuacha. Dakika ya kumi na mbili Bwana Oyamada alipiga mwayo kwa mdomo uliofungwa. Ushijima hakumtazama kabisa. Alikuwa akipekua karatasi zilizokuja na maombi, moja baada ya moja. Kengele ilipolia, Kanae alishukuru kuliko wote waliokuwemo.

Hatakenaka aliuliza angefanya nini na mwanafunzi asiyependa historia. Kanae akajibu kitu ambacho baadaye hakukikumbuka. Alikuwa ameshaanza kufikiria njia ya kurudi, na namna atakavyomwambia Bi Fusa bila kumhuzunisha.

Ndipo Ushijima akachomoa karatasi moja, akaigeuza ili Kanae aione.

"Namba mia mbili na kumi na mbili," akasema taratibu. "Kichwa chake ni 'Msitunyime Chumvi ya Achari'. Hili ni ombi la Kamihata, sivyo?"

Kanae aliitazama. Pembe ya juu ilikuwa na tundu la msumari. Akaelewa papo hapo ni nani aliyeitungua: baba yake aliipenda karatasi hiyo kuliko zote, na bahasha alikuwa nayo yeye.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mimi niliwahi kuliandikia makala."

"Najua. Niliisoma makala yako nikiwa mwanafunzi. Niliinakili yote kwa mkono."

"Basi unajua kwamba nilisema ni shule."

"Ndiyo."

"Na wewe umewatundikia watu ukutani kwamba ni achari."

Hatakenaka aliacha kuandika. Kanae aliona mlango uko wazi: angeweza kusema karatasi zile ni za kuwachangamsha waogaji, asizichukulie kwa uzito. Maneno hayo yalifika mpaka kwenye ulimi. Lakini aliwakumbuka watu wa Kamihata, waliokaa baridini wakatafuta mtu wa kuwaandikia, wakaomba kitu kimoja kilicho wazi. Walikuwa wameomba chumvi. Hakuona vipi awanyime mara ya pili.

"Ni achari, Mwalimu," akasema. "Nisamehe."

"Usiniombe msamaha. Nionyeshe."

Akainuka, akaiacha karatasi yake ya farasi mezani, akaenda ubaoni. Aliandika neno lile kama lilivyo kwenye nakala ya kijiji, kwa herufi za sauti tu, zisizosema kama ni shule au ni kitu kingine. Akachora doa la wino lilivyokaa, akaonyesha mkia wa brashi unaotokeza chini yake, na neno figili likajitokeza mbele ya macho yao kiungo baada ya kiungo. Akaeleza ni mwezi gani ombi liliandikwa: wa kumi, wakati kila nyumba ya Kamihata ina figili zinazoning'inia juu ya moto na bado hazijatiwa chumvi. Usipopata chumvi wiki hizo mbili, zimeoza. Na nje ya nyumba kuna theluji ya kimo cha mtu mpaka Machi. Alisema yote hayo akiwa amewageuzia mgongo nusu, mkono mmoja ukiandika, kalamu ikimchafua kiganja, na sauti yake ikawa ile aliyoitumia kuongea na watu kupitia mvuke. Bwana Oyamada alikuwa ameegemea mbele na kengele ameisahau. Akauliza, bila kuombwa, kama chumvi ile hatimaye walipewa.

"Walipewa nusu," Kanae akasema. "Ukiendelea kusoma sanduku lile, mwaka uliofuata wanaomba tena, na walioomba ni wale wale. Kwa hiyo hawakufa."

Bwana Oyamada akaegemea nyuma, ameridhika.

"Nani alikuonyesha?" Ushijima akauliza. "Mtu haamki tu akalisoma doa."

"Alinionyesha mpishi wa kantini yenu."

Hatakenaka na Ushijima wakatazamana. Kisha mkuu wa idara akamnong'oneza karani, na karani akashuka ngazi mbio. Baada ya dakika chache Bi Fusa alisimama mlangoni na aproni yake na kofia ya nywele, akihema, akidhani kuna mtu amedhurika na chakula chake. Hatakenaka akamtuliza, akamsomea ule mstari wa ombi, akamuuliza anaelewa nini hapo.

Bi Fusa alimtazama kila mmoja wao kama watu waliougua kidogo. Mwisho akamgeukia Ushijima.

"Mwalimu," akasema, "umekula kwangu miaka kumi na tisa. Kila siku saa sita unanyoosha bakuli unasema, 'Bi Fusa, niongezee gakko.' Sasa leo unaniuliza nini?"

Mabega ya Ushijima yakaanza kutikisika. Kanae alidhani amekasirika, mpaka alipoona machozi. Yule mtu mkubwa alikuwa akicheka, cheko lililotoka mbali, likamshinda nguvu hata akavua miwani akajifunika uso kwa kitambaa. Hatakenaka akaanza kucheka kwa kumwona yeye, na karani akacheka, na Bi Fusa, ambaye hakujua amesema nini cha kuchekesha, akacheka kwa adabu.

Alipopata pumzi, Ushijima akawaambia. Alikuwa anajua. Alihamia Akita miaka mitatu baada ya makala, na wiki ya kwanza mwenye nyumba aliyopanga akamletea sahani na chai, akamwambia karibu gakko.

"Nikala shule yangu yote," akasema. "Mwalimu wake, madawati yake, ada ya chumvi, vyote. Na ilikuwa tamu mno. Sikulala siku mbili."

Alikuwa ameandika masahihisho mwaka ule ule, akayatia kwenye droo. Kazi yake aliipata kwa sababu ya makala ile; aliogopa. Mwaka uliofuata akasema atayapeleka mwakani, na kila mwaka akasema hivyo hivyo. Kikubwa zaidi, akasema, hapakutokea mtu wa kumuuliza. Alikuwa ameanza kuamini kwamba hakuna aliyewahi kuisoma. Kumbe kulikuwa na mwanamke aliyeinakili neno kwa neno, na nyumba nzima ya waogaji iliyomkosoa ukutani miaka mingi bila yeye kupata habari.

"Hata hamamu yenu nimekuja mara mbili," akaongeza. "Mara zote nilisahau miwani."

Hatakenaka akafunga daftari. Akasema usaili umekwisha, majibu yatatoka ndani ya wiki moja, na kwamba angependa Bi Terui amalizie siku moja lile somo la farasi, ila safari ijayo aache karatasi nyumbani. Ushijima alimsindikiza mpaka ngazini. Aliinama, akainama tena zaidi, na Kanae naye akainama, mpaka Bi Fusa aliyesimama kati yao akawaambia watagongana vichwa na yeye ana supu jikoni.

Nyumbani Kanae alimuuliza baba yake kwa nini aliifanya kazi ile ya kishetani. Mzee akasema aliona bahasha nyepesi.

*

Simu ililia siku ya nne. Kanae alikuwa ndani ya bwawa tupu, brashi mkononi, na baba yake ndiye aliyepokea, kwa bahati mbaya akaiweka kwenye sikio lisilosikia. Alimsikia akisema hapana, hapana kabisa, samahani sana mama. Kisha akakata.

Akauliza ni nani.

"Mwanamke mmoja," Mzee Yasuzo akajibu. "Anataka Jumatano saa saba mchana, kila wiki, mpaka mwisho wa Julai. Nimemwambia hatufungui kabla ya saa tisa, hata akija na ukoo wake wote."

Kanae alitoka bwawani miguu mitupu, povu likimchuruzika mpaka kwenye kaunta, akapiga simu mwenyewe. Aliposikia sauti ya Hatakenaka alianza kueleza habari za sikio la baba yake, akaeleza kwa urefu, mpaka mkuu wa idara akamkatiza kwa upole akamuuliza swali moja tu: anakubali au hakubali. Kanae akasema anakubali. Alipoweka simu alisimama pale, akiwa ameshika brashi kwa mikono yote miwili, na baba yake akauliza kama wanakuja au hawaji.

"Naenda mimi, Baba," akamwambia ndani ya sikio zima. "Wamenichukua."

Mzee akachukua kopo la rangi, akaenda nje, na kwenye ubao wa saa za kufungua akaandika kwa herufi kubwa zilizopinda: JUMATANO TUNAFUNGUA SAA KUMI. MWALIMU YUKO KAZINI. Jioni hiyo kila mwogaji aliyeingia alisimama mbele ya kaunta akainama na kumwita Mwalimu, hata wale waliomjua akiwa na meno ya maziwa, na Bi Fusa alimfanya arudie kisa cha simu mara tatu ili wanawake waliochelewa nao wakisikie.

Aprili ilifika, na micheri ya ukingo wa mto, ambayo maua yake huchelewa Akita, ilikuwa bado na matumba tu. Darasa lilikuwa na wanafunzi kumi na wanne, wengi wao wakiwa wamejipanga safu za nyuma kabisa, kama watu waliokuja kungoja basi. Kanae alisimama mbele yao bila karatasi. Alijitambulisha kwa jina na kwa kazi yake ya hamamu, na wawili watatu waliinua macho kutoka kwenye simu zao.

Akawaambia hataanza na watawala wala vita. Akamtaka kila mmoja aseme anatoka wapi, na ni kitu gani cha zamani kuliko vyote nyumbani kwao. Walianza kwa uvivu. Birika la chuma. Saa ya ukutani isiyotembea. Mmoja alisema bibi yake, kisha akajisahihisha kwamba bibi si kitu. Kijana mmoja alisema kwao ni nyumba mpya, hakuna cha zamani, na Kanae akamuuliza jina la ukoo wake, akamwonyesha kwamba jina hilo limemzidi umri kila kitu kilichotajwa.

Ikafika zamu ya msichana mmoja wa safu ya nyuma, Mizuho Kudo, mwenye sweta ya manjano. Alifikiri sana.

"Kwetu kitu cha zamani kuliko vyote ni ugomvi," akasema. "Wa maji ya mashamba. Tumegombana na nyumba ya pili tangu kabla babu ya babu yangu hajazaliwa. Hata leo hatupeani salamu za mwaka mpya."

Darasa likacheka. Kanae akauliza kama anajua ulianzaje. Mizuho akasema ni wao ndio walioanza, wale wa nyumba ya pili, walifungulia maji usiku wakayaelekeza kwao. Kila mtu kijijini anajua.

Mkono ukainuka mbele, upande wa dirisha. Alikuwa kijana mrefu ambaye mpaka hapo hakuwa amefungua mdomo.

"Nyumba ya pili ni kwetu," akasema. "Na walioyafungulia ni nyinyi."

Kilichofuata hakikuwa somo alilokuwa amepanga. Safu za nyuma zilisogea mbele bila kuambiwa. Mizuho na yule kijana, Shingo, walibishana wakiwa wamesimama, kila mmoja akiwa na shahidi aliyekufa zamani, na wenzao wakauliza maswali yaliyomfurahisha Kanae kuliko yale ambayo angeuliza yeye: mfereji ulipita wapi wakati huo, nani alikuwa na ufunguo wa lango la maji, kwa nini iwe usiku, na kama kuna mtu aliyeyaandika mahali. Kanae alichora mfereji ubaoni, wakaufuta, wakauchora wao upya. Alipotazama saa, kipindi kilikuwa kimepita kwa dakika tisa na hakuna aliyefunga mkoba.

Akawapa wale wawili kazi ya wiki: waende pamoja, si mmoja mmoja, wakawaulize wazee wa nyumba zote mbili, na Jumatano ijayo walete majibu yote bila kuyapatanisha.

"Pamoja?" Mizuho akauliza. "Mwalimu, bibi yangu hatamruhusu akanyage uani."

"Basi nitauliza nikiwa nje ya uzio," Shingo akasema. "Nami nitamsikia. Bibi yako ana sauti, hata mama yangu anamsikia akiwa bafuni."

Wakatoka mlangoni wakiendelea, Shingo akisema kuna kipande cha jiwe la zamani la lango ambacho baba yake amekificha nyuma ya banda, msichana akisema alijua, alijua siku zote, na wengine wakawafuata nyuma wasikose neno. Kanae alibaki akisikiliza sauti zao zikishuka ngazi mpaka chini uwanjani, kisha akachukua mkoba wake na viatu vyake vya mpira, akashuka mbio ngazi mbili mbili kuelekea darajani.